Fremu ya Tatu

Shemeji alifika chini ya kilima, akashuka kwenye baiskeli na kuniomba kalamu.

Ndivyo anavyozipima baiskeli za kuteremkia milima: huandika jina lake papo hapo, kabla mikono haijapumzika. Springi isipoimeza mishtuko ya mawe, mikono ndiyo huimeza. Fremu zangu mbili za kwanza zilimfanya aandike kama kuku aliyekanyaga wino.

"Rudi kuchomelea mageti yako, shemeji," alinicheka mara zote mbili.

Hii ilikuwa ya tatu, na mwenye karakana ninakofanya kazi alishasema hakuna ya nne. Nilikuwa nimeipandisha springi vidole viwili, nikasali, nikachomelea.

Kalamu iligusa daftari lake. Ee Mungu, ushike mkono huo.

Herufi ya kwanza ilisimama wima. Nyingine zikafuata, zimenyooka kama za mwalimu ubaoni. Mwisho akapiga mstari chini ya jina, wala haukuyumba.

"Asante, Mungu wangu," nilisema, machozi yakinitoka.

Shemeji alinirudishia kalamu, akaigeuza baiskeli na kuanza kuisukuma kupanda kilima.

"Unakwenda wapi? Kipimo kimekwisha!"

"Kazi ndiyo imekwisha, shemeji. Sasa naenda kuifaidi."