Kovu la Bi Tatu

Mwimbaji Bi Tatu Bungara alipoingia studio kupigwa picha, meneja wake alikuwa ametangulia na mkebe wa poda mkononi na agizo mdomoni: kovu la shingoni lisionekane. Ilikuwa miezi minne tangu apasuliwe koo, na mji mzima ulikuwa ukinong'ona kwamba sauti yake imekwisha.

Mpiga picha, Sikudhani, hakuigusa kamera. Alimvutia mgeni wake kiti kwanza. "Picha usiyoitaka, dada, tutaifuta hapa hapa huku ukiona. Haitoki mlangoni."

"Hata ya hili?" Bi Tatu aliuliza kwa sauti ya kukwaruza, akaifungua skafu yake.

Kovu lilikuwa refu, bado jekundu. Meneja aliruka. "Bi Tatu, utawapa watu la kusema!"

"Wameshasema. Sasa na watazame."

Sikudhani aliinua kamera. Miaka yote watu mashuhuri walikuwa wakimletea tabasamu lile lile la kwenye mabango, na hakuna aliyewahi kumwamini hivi. Alipiga mara moja, akamwonyesha. Bi Tatu aliitazama picha ile kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga.

"Niifute?" Sikudhani aliuliza taratibu.

"Thubutu!"

Meneja akaapa kwamba picha hiyo ikitoka, yeye hayumo tena. Bi Tatu aliinuka, akamfungulia mlango mwenyewe, kisha akarudi kitini na kuinua kidevu kuelekea kwenye taa.

"Piga nyingine," alisema. "Na usogee karibu."