Bakuli la Jirani

Tangu mtaa wa Neema utangazwe kuwa umeushinda umaskini, kuomba kulipigwa marufuku. Juu ya kila mlango serikali ilibandika Sikio, na likimsikia mtu mmoja tu akiomba, mtaa mzima unashushwa daraja na maji yanakatwa. Sikio halikuhongeka, wala halikubembelezeka.

Siwatu alikuwa hana hata chembe ya unga. Ila alikumbuka kwamba bakuli lake lilikuwa kwa jirani, na mtaani hapo ilikuwa aibu kurudisha bakuli la mwenzio bila kutia chochote. Akaenda kubisha hodi.

"Shoga, nimefuata bakuli langu," alisema kwa sauti, Sikio lisikie.

Mama Sauda alimtazama, akaelewa. "Loo! Niwie radhi, nilijisahau."

Aliingia ndani, akakawia. Alipotoka alimkabidhi bakuli lililofunikwa kitambaa, macho yake chini. Siwatu alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kidogo, na moyo wake ukatulia.

Nyumbani wanawe walikuwa wameshanawa, wameketi mkekani wakisubiri. Akafunua kitambaa.

Ndani ya bakuli lake mlikuwa na bakuli jingine, dogo, la Mama Sauda. Limeoshwa likatakata. Tupu. Nalo lingepaswa kurudishwa likiwa na kitu ndani.

Juu ya mlango Sikio likapiga kengele ya jioni, likatangaza: "Hongereni, wana Neema. Leo hakuna aliyeomba."

Watoto wakapiga makofi, kama walivyofundishwa shuleni.