Ushauri wa Sally

Wilkister alikuwa jikoni akiunguza chapati kwa makusudi. Zilikuwa zimeiva tangu jana, tena zimepikwa vizuri na mtu mwingine huko Auburn, mtaa wa mbali jijini Sydney, katika duka alilolifuata kwa treni ili asikutane na Mkenya yeyote anayemjua. Sasa alizirudisha kwenye kikaango, na nyumba nzima ilijaa moshi.

Wazo lilikuwa la Sally.

Sally alikuwa mwanafunzi mwenzake. Baada ya miaka mingi ya uuguzi, Wilkister alikuwa amejiandikisha kusoma kwa mtandao katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, shahada ya mahusiano ya familia. Mumewe, Kiprono, ndiye aliyemtafutia chuo. Alisema mtu anayemfahamu vizuri anasoma huko na anakisifu sana. Wamarekani wana shahada ya kila kitu, alimwambia. Wana ya nyasi za viwanja vya gofu, wana ya vikaragosi, sasa ya wakwe ikosekane kwa nini?

Na darasa lenyewe lilikuwa vituko. Kulikuwa na mwanajeshi wa Alaska, mchungaji wa Texas mwenye wajukuu wa kujaza kanisa, na msichana aliyekuwa akisomea uhasibu na densi kwa mpigo, usiniulize atafanya kazi gani. Wote waliweka picha za nyuso zao. Sally aliweka picha ya ng'ombe.

Darasani Wilkister alijiita Kister, jina ambalo nyumbani halikuwahi kutumika. Kila alipotoka zamu alasiri na kupanda tramu kurudi Kensington, alifungua simu akamkuta Sally yuko macho, ndiyo kwanza amemaliza kukamua. Saa hizo Marekani nzima imelala. Wilkister aliona kwamba wazungu wa mashambani wanaamka mapema kupita kiasi, akazidi kumpenda. Alishamchora kichwani: bibi wa Wisconsin, mashavu mekundu, buti za mpira.

Mwezi uliopita mwalimu aliwataka waandike juu ya mtu wa familia wanayemwogopa. Wengine walisitasita. Wilkister wala hakumeza mate. Aliandika juu ya mama mkwe wake, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye siku ile Wilkister alipopelekwa kutambulishwa na kupika, aliinua chapati yake, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akasema hizi zingefaa kuezekea choo. Watu walicheka mpaka wakakohoa. Wilkister alicheka nao, kisha akaenda kulia nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo hajakanda unga.

Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Wilkister alikuwa amebusu miaka yote hiyo, kwa zawadi za Krismasi na salamu za kila Jumapili, akajibiwa "asante" kavu. Sasa mama huyo alikuwa anakuja Sydney kukaa miezi mitatu. Wilkister aliandika kwamba hahitaji sifa. Anataka mara moja tu, kabla hawajazeeka wote wawili, mama huyo ale chakula chake na aombe kingine.

Mwanajeshi aliuliza chapati ni nini. Mchungaji alidhani ni aina ya kofia, na Sally akamsahihisha Wilkister koma zake kwanza. Kisha Sally akapotea darasani siku kadhaa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Aliporudi, aliandika kwamba pengine mama yule alitaka tu kuwachekesha wageni, akapitiliza. Wazee wengine, alisema, wanajua kusahihisha watu wote isipokuwa wenyewe, na miaka ikishapita wanaona haya kuomba radhi. Halafu akaongeza ushauri: usijitese, nunua dukani, kisha unguza moja, ukingoni tu. Mwanamke aliyeunguza hashukiwi kwamba amenunua.

Wilkister alimsomea Kiprono maneno hayo. Kiprono alicheka hadi akatoka nje, akarudi akipangusa machozi, akamwambia amsikilize bibi huyo kwa kila jambo.

Moja, ukingoni. Lakini hofu haina kipimo. Ya kwanza ilipoungua Wilkister aliona haitoshi, akaongeza ya pili, na ya tatu ikajiunguza yenyewe alipokuwa akifungua madirisha. Mfuko wa duka aliufukia chini kabisa ya pipa la taka.

Kiprono aliwasili na mama yake kutoka uwanja wa ndege. Mama aliingia mrefu vilevile, na amenuna, kwa sababu walikuwa wamemchukulia kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya mgando ya nyumbani, pale forodhani. Alimpa Wilkister mkono, akanusa moshi. Wilkister alimkaribisha mezani, akamimina chai, nusu kikombeni na nusu kwenye kitambaa. Kiprono aliikazia macho sahani yake tupu.

Chapati zilifunuliwa. Mama alichukua ya juu, akaiinua, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

Wilkister alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa mke wa mtu, muuguzi anayeaminiwa na madaktari, na alikuwa tayari kwenda kulia nyuma ya nyumba tena kwa ajili ya unga na mafuta.

Mama alichungulia zilizobaki chini, zile mbili zilizoungua pia, akatikisa kichwa. Kisha akaikunja ile aliyoishika, akaila yote polepole, pamoja na ukingo mweusi. Akafuta vidole. Akasogeza sahani yake mbele.

"Niongeze nyingine," alisema. "Lakini Kister, nilikuambia uunguze moja tu."