Robo ya Chapati

Mwalimu Ngonyani alirudi nyumbani miguu ikimwaka moto, na tangu asubuhi hakuwa ametamka neno. Shuleni siku hizi hakuna anayesema. Somo linaingia kichwani mwa mtoto kupitia kidude cha sikioni, na kazi ya mwalimu ni kupita kati ya madawati kuangalia vidude visidondoke.

Jikoni alimkuta bintiye Tumpe amezikodolea macho hesabu za sehemu. Kidude chake kilikuwa kimeungua, na mtihani ulikuwa kesho.

“Njoo nikufundishe kwa mdomo,” alisema, sauti imemkauka.

“Makubwa! Mwalimu leo kapata mwanafunzi,” mkewe alicheka, akimsogezea chapati.

Ngonyani aliikata vipande vinne. Akaeleza, akauliza, akatania, akaeleza tena. Jasho lilimtoka, lakini uchovu aliusahau, kama miaka ile ya chaki. Tumpe alimtazama mdomoni kwa adabu, bila kupepesa.

“Umeelewa, mama?”

“Bado, baba,” Tumpe alijibu kwa upole. “Si umalize kwanza kuongea, ndipo somo lianze?”