Kimo cha Dirisha

Kitendawili, wajukuu: ninalo jicho ukutani, kutwa liko wazi, lakini anayeona ni mwingine. Litafuteni jibu huku mkinisikiliza.

Mwajabu alikuwa akipima chumba cha kuongeza ubavuni mwa nyumba yake, kwa ajili ya mumewe, Sefu. Tangu aanguke kutoka paani, Sefu alikuwa wa kulala tu, katika chumba cha katikati kisicho na dirisha. Hakusema neno tena, na ile ilikuwa siku ya tatu hagusi uji.

Fundi Kombo alikwisha kuchora kuta kwa majivu, nao kuku wakawa wanayachakura. "Mama, dirisha tuliweke kimo gani? Usawa wa kifua, kama la wengine?"

Mwajabu aliingia ndani ya mistari ya majivu, pale kitakapokaa kitanda, akajilaza chali mchangani.

"Shoga, inuka!" jirani yake Mize alipiga kelele. "Kama kaburi! Utamchuria mumeo!"

"Niache, Mize. Fundi, nionyeshe hicho kifua chako."

Kombo akanyoosha mkono. Mwajabu akatazama, machozi yakamwingia masikioni.

"Hapo ataona mawingu tu." Akageukia mlango wa nyumba, akaita kwa nguvu, "Sefu! Dirisha liwe kimo gani? Usiponijibu leo, najenga chumba cha maiti!"

Mize akajifunika mdomo kwa kanga. Kombo akaanza kukusanya vyombo vyake.

Ndipo sauti kavu ikatoka ndani, polepole:

"Lishusheni... mpaka nione kuku."