Mkao wa Direkteri

"Kichwa chini," alisema Bwana Deprez, na Hyacinthe, ambaye kichwa chake kilikuwa chini tayari, akakishusha zaidi ili asionekane mbishi.

Miguu aliipanua kadiri ya mabega. Magoti aliyakunja kidogo, kama mtu aliyetaka kukaa akakumbuka kwamba hajakaribishwa. Makalio nyuma, mikono yote miwili kwenye fimbo ya chuma. Mbele yake kulikuwa na mpira mdogo mweupe, na mbele ya mpira kulikuwa na mlima. Ziwa Tanganyika alilipa mgongo, kwa sababu mwalimu alisema upepo wa ziwa unaharibu macho ya mchezaji wa gofu.

Ilikuwa Juni 1962. Zilibaki wiki tatu Burundi ipate uhuru na kiwanda cha mawese cha Rumonge kipate direkteri mpya. Bwana Deprez, direkteri aliyekuwa akiondoka, alikuwa amemchagua karani wake Hyacinthe, kwa sharti moja tu. Wakubwa wa Usumbura, mji mkuu, huamua mambo yao kwenye uwanja wa gofu; mtu asiyejua kusimama mbele ya mpira, watamwachiaje kiwanda? Hyacinthe hakuona kasoro yoyote katika hoja hiyo. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akiitwa kwa kengele ya mezani, na alitaka, kabla hajafa, aipige yeye.

Kwa bahati, mkao wenyewe haukuwa mgeni kwake. Macho chini, mikono pamoja, neno mdomoni likingoja ruhusa: ndivyo alivyosimama mbele ya meza ya Bwana Deprez tangu 1948. Mwalimu alikiri kwamba hajawahi kuona kipaji cha namna hiyo.

"Hapana angalia mpira inaenda wapi," Bwana Deprez alimwonya. "Mimi iko naangalia. Wewe kichwa chini, hesabu mpaka mia."

Hyacinthe alihesabu mpaka mia. Siku alizojisikia na bidii alihesabu mpaka mia mbili.

Kiwanda kilikuwa chini ya kilima, ufukweni kabisa, na Hyacinthe hakuwa amekanyaga huko tangu masomo yaanze. Meza yake ilihamishiwa barazani kwa direkteri, kwa kuwa mkubwa, aliambiwa, hanuki mawese. Jioni ile ile alinunua sabuni ya kunukia. Na Bwana Deprez, muungwana yule, aliwatangazia wafanyakazi kwamba kuanzia sasa amri zote ni za Hyacinthe; yeye mzee anazifikisha tu.

Heshima ikaja mbio. Waliomwita "karani" juzi sasa walimvulia kofia. Hata Asmani, kapita aliyesimamia vibarua wa kiwanda, ambaye salamu zake zilikuwa adimu kuliko nyama, alipanda kilima kila jioni, shati limelowa jasho, akasimama pembeni na kungoja.

"Patron, na kesho tuendelee?"

Hyacinthe alikuwa amehesabu mpaka sitini na tatu. "Endeleeni," alijibu bila kuinua kichwa. Alifurahi mno. Kumbe kuongoza watu ni kazi nyepesi hivi, na wazungu miaka yote walikuwa wakijitia kuchoka.

Aliyemharibia raha ni mkewe, Pascasie.

"Baba Bora, kiwanda hailie tena. Wewe ulienda kuangalia?"

"Kinasafishwa. Bwana alisema uhuru usikikute kichafu."

"Na wewe unafanya nini?"

"Najifunza kuwa direkteri."

"Direkteri wa kuangalia majani," alisema Pascasie, akaendelea kuchambua ndagala zake, vidagaa vya ziwani. Hyacinthe alimhurumia. Mwanamke ambaye hajawahi kushika fimbo ya gofu ataelewa nini?

Somo la mwisho lilikuwa siku mbili kabla ya sikukuu. Hyacinthe aliuchapa mpira, akahesabu mia mbili na hamsini, akainua kichwa. Bwana Deprez alikuwa akimpigia makofi, macho yamemlowa.

"Sasa wewe iko direkteri kabisa."

Alimkabidhi ufunguo wa kiwanda palepale, akamwomba asiufungue mlango mpaka sherehe ziishe: uhuru kwanza, kazi baadaye. Kisha akateremka ufukweni na masanduku yake mawili, akapanda meli ya kwenda Albertville, ng'ambo ya Kongo, akampungia mkono mpaka akatoweka. Hyacinthe alilia. Wazungu wengine waliondoka wakitukana, wake aliondoka kama baba.

Tarehe mosi Julai walicheza ngoma. Tarehe pili asubuhi Hyacinthe alivaa kositimu na tai, Pascasie akajifunga kitenge kipya, kwa sababu hata yeye sasa aliamini. Wafanyakazi walijipanga barabarani mbele ya mlango. Nyuma yao walikuwa wanawake wa Minago na vikapu vya chikichi vichwani, wakingoja mashine zianze kukamua.

Hyacinthe alikunjua mgongo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, akaingiza ufunguo kwenye kufuli na kusukuma mlango.

Hapakuwa na mashine. Hapakuwa na tangi wala bomba. Sakafu ilikuwa imefagiliwa vizuri sana, na pale ulipokuwa ukuta wa nyuma aliliona ziwa lote, mpaka milima ya Kongo.

Asmani alisogea karibu, kofia mkononi, uso wake ukingoja sifa.

"Ile ukuta tu ndiyo ilitusumbua, patron," alisema. "Lakini vyote tulivipakia mu meli mbele ya sikukuu, kama vile ulituamuru."