Flaiwili ya Kipande Kimoja

Fundi Kitwana aliweka mezani flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, aliyoitoa kwenye gari la marehemu mume wa Mwanahawa: sahani mbili zenye springi katikati, springi zote zimekatika.

“Hii ndiyo ilikuwa inagonga, shangazi. Nimekufungia ya kipande kimoja. Haigongi, ila gari litatetemeka.”

Mwanahawa hakushukuru. Wanawe ndio walioagiza gari litengenezwe. Tangu mazishi, kila aliposimama njiani gari lilimgongea mara tatu, kama mumewe alivyokuwa akibisha mlangoni, naye aliitikia.

Aliwasha injini. Hakuna kilichogonga. Usukani ulitetemeka kama mikono ya mumewe wiki zile za mwisho.

“Utazoea,” alisema Kitwana.

“Nilishazoea.”

Akauvuta mkanda wa kiti kitupu cha pembeni, akaufunga. Mkanda ukakazika hewani, mbali na kiti, kama uliopita juu ya tumbo la mtu.